Habari za Louis Rwagasore, Mwana wa Mfalme Aliyeomba Kura

Ndugu wasomaji wetu wa Bukiriro, nanyi nyote mlioko Ngara na Biharamulo, hamna haja ya kuelezwa Warundi ni watu gani. Kihangaza na Kirundi vyasikilizana kama maneno ya ndugu wawili waliolelewa nyumba mbili. Zamani za Wadachi nchi ya Bugufi ilihesabiwa pamoja na Burundi. Walakini baada ya vita kuu ya kwanza, mataifa ya Ulaya yalipogawana miliki ya Wadachi, Burundi iliwekwa mikononi mwa Wabelgiji, na Bugufi ikawa upande wa Tanganyika chini ya Waingereza. Mpaka uliwekwa kweli, lakini mpaka hauzuii habari. Mambo yatokeayo Gitega na Bujumbura husikika Bugufi upesi, na mara nyingi yamefika kwa miguu ya wakimbizi.

Kwa sababu hiyo twapenda mwezi huu kuwasimulia maisha ya Louis Rwagasore, mwana wa mfalme wa Burundi. Mtu huyu aliishi miaka 29 tu, na uwaziri mkuu aliushika muda wa majuma mawili hivi. Walakini katika maisha hayo mafupi alikabiliwa na swali lililowasumbua wenye hekima wa mataifa mengi, nalo ni hili: mtu anayewatawala wenzake amepata wapi haki ya kuwatawala? Je, ni kwa kuzaliwa katika nyumba ya enzi? Ni kwa nguvu za silaha? Au ni kwa ridhaa ya wale wanaotawaliwa?

Swali hili lilishindaniwa sana katika Ulaya miaka mia mbili na mia tatu iliyopita. John Locke, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1632, alitoa kitabu mwaka wa 1689, akafundisha kwamba kila mtu ana haki za asili, yaani uhai, uhuru na mali yake, na ya kwamba haki hizo hakupewa na mfalme awaye yote. Watu huweka serikali ili izilinde haki hizo. Nayo serikali ikizivunja, watu hawafungwi tena kuitii. Mfaransa mmoja, Montesquieu, akaandika mwaka wa 1748 kwamba anayetunga sheria, anayezitimiza na anayehukumu wasiwe mtu mmoja, kwa maana mamlaka yote yakikusanyika katika mkono mmoja hakuna mtu aliye salama. Tena Rousseau, mzaliwa wa Geneva, akaandika mwaka wa 1762 kwamba enzi ni mali ya watu wote pamoja, na mtawala ni mtumishi wao.

Maneno hayo hayakubaki vitabuni. Mwaka wa 1776 watu wa Marekani walijitenga na mfalme wa Uingereza kwa hoja kama hizo, na mwaka wa 1789 Wafaransa walitangaza haki za binadamu mbele ya mfalme wao. Walakini huko Ufaransa mapinduzi yaliyoanza kwa kutangaza haki yaliingia katika damu. Mfalme Louis XVI alikatwa kichwa mwezi wa Januari mwaka wa 1793, na baada yake wakauawa maelfu ya watu, hata na wengi wa wale walioyaanzisha mapinduzi yenyewe. Tangu hapo watu wamekuwa wakiulizana kama yawezekana taifa kubadili utawala wake bila kuuana. Swali hilo ndilo lililomfikia Rwagasore, na jibu lake alilitafuta kwa maisha yake.

Inafaa kwanza tueleze jinsi Burundi ilivyokuwa kabla yake. Nchi ile ilikuwa na mfalme, aitwaye Mwami, na ngoma ya enzi iitwayo Karyenda. Chini ya Mwami walikuwako Baganwa, ndio wana na wajukuu wa wafalme, waliopewa kutawala majimbo. Katika vijiji walikuwako bashingantahe, wazee waliojulikana kwa haki na busara. Hao waliamua mashauri ya watu, na mtu hakuingia katika daraja yao kwa kuzaliwa tu, bali kwa kupimwa mwenendo wake mbele ya majirani. Kwa hiyo si kweli kusema kwamba Warundi walingoja vitabu vya Ulaya ndipo wajue kwamba hukumu yataka kibali cha watu. Jambo hilo walilijua mlimani kwao. Ila halikuwa limefika katika kumchagua yule anayetawala nchi nzima.

Tena ndani ya Baganwa yalikuwako mashindano ya nyumba mbili. Moja ni Bezi, wazao wa mfalme Mwezi Gisabo, yule aliyepigana na Wadachi hata mwaka wa 1903 alipolazimishwa kuukubali utawala wao. Ya pili ni Batare, wazao wa mfalme Ntare Rugamba. Enzi ilikuwa kwa Bezi, lakini Batare hawakuisahau nguvu yao ya zamani. Mwezi Gisabo alikufa mwaka wa 1908. Mjukuu wake Mwambutsa aliwekwa katika kiti mwaka wa 1915 angali mtoto mdogo, na mwaka uliofuata Wabelgiji wakaingia nchini, wakawafukuza Wadachi.

Wabelgiji walipenda kutawala kwa mikono ya machifu. Wakapunguza idadi ya machifu na kuyakusanya majimbo, na katika kazi hiyo Wahutu waliokuwa machifu wakaondolewa mmoja mmoja, hata kufika mwaka wa 1945 hakubaki Mhutu katika machifu wakubwa. Jambo hili twaomba wasomaji walishike, kwa maana mbegu nyingi za uchungu wa baadaye zilipandwa hapo.

Katika nyumba ya Mwambutsa alizaliwa mtoto wa kiume huko Gitega, tarehe 10 Januari mwaka wa 1932, akaitwa Louis Rwagasore. Mama yake alikuwa Thérèse Kanyonga. Mtoto alisoma kwanza katika shule za misioni za nchi yake, kisha akapelekwa Astrida katika Ruanda, mji ambao baadaye uliitwa Butare. Huko palikuwa na shule kubwa ya mabruda ambamo Wabelgiji waliwafundisha wana wa machifu na makarani wao wa baadaye. Baada ya hayo akavuka bahari kwenda Ubelgiji, akasoma mjini Antwerp.

Mwaka wa 1956 alirudi kwao. Wengi walitazamia kwamba kijana huyu, mwana mkubwa wa Mwami, atakaa katika heshima ya baba yake, apokee ng'ombe na salamu, na kungoja siku yake. Yeye hakungoja. Mwaka wa 1957 alianzisha ushirika wa wafanyaji biashara katika Usumbura, mji uitwao leo Bujumbura. Wakati ule biashara kubwa ilikuwa mikononi mwa Wazungu, Waasia na Waarabu, na mwenyeji alikuwa mnunuzi au mchukuzi. Rwagasore aliona kwamba kumwambia mtu yu huru, hali hana uwezo wa kuuza kahawa yake kwa bei ya haki, ni kumpa chombo kitupu. Waswahili wa mji ule, ambao wengi wao hawakuwa na cheo chochote katika utaratibu wa machifu, walimwunga mkono tangu mwanzo, na upendo wao haukupoa.

Hatusemi kwamba kazi hiyo yote ilikwenda vema. Ushirika ulipatwa na shida za fedha, na serikali ya Kibelgiji ikaingilia mambo yake. Rwagasore alikuwa hodari wa kukusanya watu kuliko kupanga hesabu. Walakini katika kazi hiyo alijifunza kusema na mtu wa sokoni kama alivyosema na mtu wa barazani, na wengi waliomjua kwanza kwa njia ya ushirika walimfuata baadaye katika chama.

Chama hicho ndicho UPRONA, maana yake Umoja wa Maendeleo ya Taifa. Kilianza katika miaka ile ile, Rwagasore akawa kiongozi wake aliyependwa kuliko wote. Mwanzoni mwa mwaka wa 1959 Wabelgiji walimpa kutawala jimbo la Butanyerera, upande wa kaskazini. Huenda walifikiri kwamba kazi ya chifu itamtuliza. Haikumtuliza, akaiacha ili ashughulike na chama. Mwaka huo huo alioa mke, Marie-Rose Ntamikevyo, ambaye husimuliwa na wengi kwamba alikuwa wa jamaa ya Kihutu.

Sasa twafika penye kiini cha habari. UPRONA kilitaka uhuru upesi, na kilitaka Mwami abaki. Lakini kilitaka abaki kwa namna gani? Hapo ndipo mwana wa mfalme alipowashangaza watu. Chama chake kilitangaza kwamba ufalme unastahili kuungwa mkono maadamu unafuata katiba na kuwasaidia watu kupata uhuru wao. Mfalme awe juu ya vyama vyote, na kazi ya kutawala iwe mikononi mwa mawaziri wanaotoka katika baraza lililochaguliwa na watu. Tuseme kwa maneno mepesi: Rwagasore, ambaye angaliweza kudai madaraka kwa damu ya babu zake, aliyaomba kwa kura za wakulima. Alikubali kupimwa.

Tena aliwakusanya pamoja Waganwa, Watutsi na Wahutu. Miongoni mwa wenzake walikuwako Paul Mirerekano na Pierre Ngendandumwe, ambao ni Wahutu, na André Muhirwa, aliye Mganwa. Kwa wakati ule jambo hilo halikuwa dogo. Ng'ambo ya pili, katika Ruanda, mwezi wa Novemba mwaka wa 1959 Wahutu waliinuka juu ya machifu wa Kitutsi. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa, na wengi wakakimbia, hata nchi ya Bugufi ikawapokea baadhi yao katika miaka iliyofuata. Huko Ruanda nako watu walidai haki za walio wengi, na madai yao yalikuwa na ukweli ndani yake, kwa kuwa Wahutu walikuwa wamedhulumiwa siku nyingi. Walakini haki iliyodaiwa kwa kumhesabu jirani kuwa adui kwa sababu ya kabila lake ilizaa dhuluma nyingine. Rwagasore aliyaona hayo kwa karibu, akataka Burundi ipite njia nyingine.

Wabelgiji hawakumpenda. Walimwona kuwa mtu wa hatari, hasa kwa kuwa alikuwa na urafiki na Julius Nyerere na chama cha TANU cha Tanganyika, kilichomsaidia. Wao walikielekea zaidi chama kingine kiitwacho PDC, yaani Chama cha Kidemokrasia cha Kikristo. Wakuu wake walikuwa Joseph Biroli na Jean-Baptiste Ntidendereza, wana wa chifu Baranyanka, wa nyumba ya Batare. Hivyo mashindano ya zamani ya nyumba mbili yaliingia katika vyama vipya, kama divai ya kale katika viriba vipya.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 1960, katika mkutano wa Brussels, iliamuliwa kwamba jamaa wa karibu wa Mwami wasishike kazi ya siasa. Uamuzi huo ulimlenga mtu mmoja. Kisha mwezi wa Oktoba, uchaguzi wa mabaraza ya wilaya ndogo ukiwa karibu, Rwagasore akakamatwa na kuwekwa kizuizini Bururi, wala hakufunguliwa mpaka mwezi wa Desemba, uchaguzi ukiwa umekwisha. Katika uchaguzi huo PDC kilipata viti 942 kati ya 2,876, na UPRONA viti 545.

Hebu tusimame kidogo tulipime jambo hili. Mtu hajahukumiwa kwa kosa lolote la jinai, naye azuiliwa asiseme na watu wakati watu wanapotakiwa kuchagua. Anayemzuia ni yule yule atungaye sheria, aitimizaye sheria, na asimamiaye kura. Hili ndilo aliloonya Montesquieu zaidi ya miaka mia mbili kabla yake. Si lazima mtawala awe mkatili ndipo mambo yaharibike. Yatosha kwamba hakuna mwingine wa kumwambia, Hapana.

Kwa bahati alikuwako mwingine. Tangu mwaka wa 1946 Ruanda-Urundi haikuwa mali ya Ubelgiji, bali nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Ubelgiji ilikuwa imeahidi kuwaongoza watu wake wafikie kujitawala. Mwaka wa 1948 Umoja huo ulikuwa umetangaza haki za binadamu kwa ulimwengu wote, na katika tangazo hilo imo haki ya kila mtu kushiriki katika serikali ya nchi yake, na kwamba mapenzi ya watu ndiyo msingi wa mamlaka ya serikali. Hivyo yale yaliyoandikwa na Locke na wenzake yalikuwa yamepita mikono mingi, yakafika mahali ambapo watu wa mlimani Burundi waliweza kuyashika na kuyatumia. Barua za malalamiko zikapelekwa New York, Umoja wa Mataifa ukaisihi Ubelgiji iwape watu wote nafasi, na kizuizi kilichowekwa juu ya Rwagasore kikaondolewa.

Tarehe 18 Septemba mwaka wa 1961 Warundi walipiga kura kuchagua baraza la taifa, wakitazamwa na wajumbe wa Umoja wa Mataifa. UPRONA kilipata viti 58 kati ya viti 64. Katika Ruanda juma lililofuata watu walipiga kura kuuondoa ufalme. Katika Burundi walimchagua mwana wa mfalme, si kwa kuwa ni mwana wa mfalme tu, bali kwa kuwa alikwenda kwao akawaomba.

Mshindi alifanyaje? Hapa twaona uzuri wake. Ushindi mkubwa namna ile huwalevya watu. Walakini Rwagasore aliwataka wafuasi wake wasilipize kisasi. Aliwaeleza kwamba ushindi haukuwa wa chama kimoja juu ya kingine, bali wa amani na utaratibu, na kwamba serikali mpya ipimwe kwa matendo yake. Mwisho wa mwezi wa Septemba akawa waziri mkuu. Akaanza kuitayarisha nchi kwa uhuru.

Jioni ya tarehe 13 Oktoba mwaka wa 1961 alikuwa akila chakula katika Hoteli Tanganyika, karibu na ziwa, mjini Usumbura. Akapigwa risasi kutoka gizani, akafa papo hapo. Aliyeipiga bunduki alikuwa Mgiriki mmoja, Jean Kageorgis. Mara ikajulikana kwamba hakuwa peke yake, bali nyuma yake walikuwako watu wa PDC, walioshindwa katika uchaguzi. Nchi nzima ikaingia katika maombolezo. Mwili wake ukazikwa katika kilima cha Vugizo, juu ya mji na ziwa, na kaburi lake laonekana huko hata leo.

Tarehe 30 Juni mwaka wa 1962, siku moja kabla ya uhuru, Kageorgis aliuawa kwa hukumu. Biroli na Ntidendereza walikuwa wamefungwa kwa hukumu ya mahakama ya Kibelgiji. Walakini baada ya uhuru serikali mpya iliweka mahakama kuu mpya, hukumu ya kwanza ikafutwa, wakahukumiwa tena, na mwezi wa Januari mwaka wa 1963 wakanyongwa huko Gitega pamoja na wengine watatu. Wanasheria wa nchi mbalimbali walilalamika, wakisema si haki mtu kuhukumiwa mara mbili kwa kosa moja na kwa sheria iliyowekwa baada ya tendo. Twaelewa hasira ya watu waliompoteza kiongozi wao. Hata hivyo sheria hutungwa kwa ajili ya siku za hasira hasa. Siku za furaha kila mtu ni mwenye haki. Kwa habari ya Wabelgiji, wako waliosema tangu mwanzo kwamba baadhi ya maofisa wao waliichochea kazi ile, na hata miaka mingi baadaye watu hawakuacha kuuliza. Mwaka wa 2018 serikali ya Burundi yenyewe iliilaumu Ubelgiji waziwazi.

Baada ya mauti yake UPRONA kiligawanyika. Muhirwa alimfuata katika uwaziri mkuu, lakini hakuwako aliyeweza kuwashika wote pamoja. Hapa twaona kasoro ya kazi ya Rwagasore, nasi hatupendi kuificha: mambo mengi mno yaliegemea juu yake mwenyewe. Nyumba iliyosimama kwa nguzo moja haikudumu nguzo ilipokatwa. Mwezi wa Januari mwaka wa 1965 Ngendandumwe, aliyekuwa waziri mkuu, aliuawa kwa risasi. Mwaka wa 1966 Mwambutsa aliondolewa na mwanawe mwingine, aliyeitwa Ntare wa Tano, na mwezi wa Novemba wa mwaka huo huo Kapteni Michel Micombero akaupindua ufalme na kutangaza jamhuri kwa nguvu za askari. Mwaka wa 1972 Wahutu wengi sana waliuawa, hasa wenye elimu, nao waliopona wakakimbilia Tanzania na nchi nyingine. Mwaka wa 1993 watu walipiga kura tena, wakamchagua Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuwa rais. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo askari wakamwua, kabla hajatimiza miezi minne katika kazi. Wakimbizi wakajaa tena katika njia za Ngara, na wazee wengi katika washarika wetu wakumbuka jinsi walivyopika kwa vyungu vikubwa na kugawana mahindi yao na wageni.

Walioishi katika mambo hayo wameona kwamba mauti ya Rwagasore na mauti ya Ndadaye yanafanana kwa jambo moja. Wote wawili walichaguliwa na watu wengi, na wote wawili waliuawa na watu ambao hawakuvumilia kushindwa. Kura yaweza kumpa mtu madaraka. Lakini haiwezi peke yake kumlinda, ikiwa aliyeshindwa hakubali kwamba yeye naye amefungwa na neno la watu. Locke alisema kweli kwamba watu wana haki ya kuiondoa serikali idhulumuyo. Walakini mtu mmoja mwenye bunduki, au kikosi kimoja cha askari, si watu. Anayemwua aliyechaguliwa hawakomboi watu, bali anawanyang'anya sauti yao.

Mwaka wa 2000, baada ya miaka mingi ya vita, Warundi walitia sahihi mapatano ya amani huko Arusha. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa rafiki wa Rwagasore katika ujana wao, ndiye aliyekuwa mpatanishi hadi alipokufa mwaka wa 1999, na Nelson Mandela akaimalizia kazi. Katika mapatano yale waligawana viti na madaraka ili kabila moja lisiweze kulimeza jingine. Mapatano hayo hayakuondoa taabu zote, na baada yake nchi imeona tena ghasia na wakimbizi. Lakini yaliweka tena mezani lile alilolitaka yule kijana: kwamba Burundi iwe nyumba ya wote, na kwamba mashindano ya utawala yaamuliwe kwa maneno na kwa kura.

Kila mwaka tarehe 13 Oktoba Warundi humkumbuka. Wengine humwita shujaa wa uhuru, na hilo ni kweli. Sisi twapenda kumkumbuka kwa jambo lingine pia. Alizaliwa akiwa na cheo, akakiona hakitoshi, akaenda kuwauliza watu. Nao walipomkubali, hakulitumia kubali lao kuwaangamiza waliomkataa. Baraza la kijiji, halmashauri ya usharika, ushirika wa kahawa, na serikali ya nchi, vyote husimama au huanguka kwa mambo haya mawili: mkubwa awe tayari kuulizwa, na aliyeshindwa awe tayari kungoja zamu yake bila kisu. Basi tuwafundishe watoto wetu mambo hayo mapema, wangali wakichagua kiongozi wa darasa na nahodha wa mpira, kwa maana mtu asiyejifunza kushindwa katika madogo hataweza kushindwa katika makubwa.